Matumbo Manne ya Nyangwine

Kidole gumba cha mguu wa kushoto cha Nyangwine kilivimba siku ya Jumanne, na kufika Alhamisi kilikuwa kama mgeni mkubwa aliyehamia nyumbani. Majirani walipokuja walikisalimia kwanza kabla ya kumsalimia mwenyewe. Shuka likikigusa, Nyangwine alipiga kelele. Kuku akipita karibu nacho, alipiga kelele. Mara moja alipiga kelele kwa sababu mkewe, Waisiko, alikitazama.

"Nimekitazama tu, Baba Steven."

"Umekitazama kwa uzito."

Waisiko akamfunga kandambili kwenye mguu mzima, akampandisha pikipiki, wakaenda zahanati. Nesi aliyewapokea aliitwa Zaitun, binti wa mafundi cherehani wa Mugumu, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha wanaume wazima. Alikiangalia kidole bila kukigusa, jambo lililomfanya Nyangwine ampende mara moja.

"Hii ni gauti, mzee. Unakula nyama mara ngapi kwa wiki?"

Nyangwine akamgeukia mkewe kana kwamba ameulizwa anapumua mara ngapi kwa wiki.

"Ana maana gani, kwa wiki?"

"Ana maana kila siku," Waisiko akamjibu nesi.

Zaitun akaandika, akaweka kalamu chini. "Kuanzia leo nyama nyekundu hapana. Maini hapana. Figo hapana. Supu ya kongoro hapana. Dagaa hapana. Pombe hapana." Kwa kila hapana Nyangwine aliteremka kidogo kwenye benchi, hadi akabaki amekalia mgongo. "Dawa utameza kama nilivyoandika. Nguvu za mwili utazipata kwenye maharage, kunde, karanga, njugu mawe, maziwa na mayai. Mboga za majani uziminyie limau, ili damu ipate madini ya chuma. Mwili hauulizi chakula kimetoka kwenye paja au kwenye ganda. Unauliza kama umepata cha kujengea."

"Binti yangu, maharage ni chakula cha shule."

"Na watoto wa shule wanakua, au hawakui?"

Zaitun akamgeukia Waisiko na kupunguza sauti. "Mama, msimamie. Leo ni kidole. Akiendelea hivi, kesho ni figo."

Neno hilo lilimwingia Waisiko na kukaa. Shemeji yake wa Kerende alifariki kwa figo, na alianza hivyohivyo, kwa kidole na utani. Njiani kurudi aliwaza hilo tu. Nyangwine alisema kwa ajili ya wote wawili.

Hofu ya Nyangwine ilikuwa moja. Katika ukoo wao yeye ndiye mshika pembe. Ikiwapo sherehe, watu huja na kamba, vijana humvuta dume mguu wa nyuma, lakini kuna mtu mmoja anayesimama mbele, mkono mmoja kwenye pembe, mwingine chini ya taya, na kuikunja shingo mpaka mnyama mzima aanguke, achinjwe. Huyo mtu alikuwa Nyangwine kwa miaka ishirini na sita. Sasa alikuwa na miaka sitini na mbili, na baada ya miezi miwili kulikuwa na sendofu ya kumuaga Irine anayeolewa, binti wa mdogo wake Nchagwa, kule Nyamwaga. Dume wa siku hiyo angetoka kwenye zizi la Nyangwine mwenyewe, zawadi ya baba mkubwa. Aliitwa Meja.

"Sikiliza, Mama Steven," alisema akiwa bado juu ya pikipiki. "Nitaacha nyama miezi hii miwili. Mtu asiseme Nyangwine hana msimamo. Lakini siku ya Irine nitashika pembe. Meja akinishinda kwa sababu ya hayo maharage yenu, jioni ileile narudi kwenye nyama, na hiyo figo ije inikute mezani."

"Na akianguka?"

"Kwa maharage?" Nyangwine akacheka mpaka dereva naye akacheka.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Waisiko alipika maharage ya nazi kama alivyojifunza kwa jirani. Nyangwine aliyatazama, akayageuza kwa kijiko kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea, akasukuma sahani. Alipika njugu mawe. Alisema zinamtazama. Siku mbili alikunywa chai tupu, akapita uani akiwa ameshika suruali kwa mkono isianguke.

Siku ya tatu alikaa nje ya zizi muda mrefu. Kisha akaita.

"Mama Steven! Huyu Meja, umewahi kumwona anakula nyama?"

"Sijawahi."

"Liangalie shingo hilo."

Waisiko aliliangalia. Lilikuwa shingo la maana.

"Nesi amesema nguvu zinatoka kwenye mimea. Sawa. Lakini nesi amezaliwa juzi, na maharage yake sijayaona yakivuta plau. Huyu ninamjua tangu amezaliwa. Anachokula huyu ndicho nitakachokula mimi."

Asubuhi iliyofuata aliondoka na daftari la mjukuu na kalamu, akamfuata Meja malishoni hatua kwa hatua, akichechemea. Jioni alimsomea mkewe alichoandika. "Saa tatu, Meja anakula nyasi ndefu za mtoni. Saa nne, anakula. Saa tano, anakula, amenitazama. Saa saba, amelala chini, anatafuna lakini hajachukua kitu kipya. Nimeshangaa. Saa tisa, amekula gazeti."

"Gazeti nalo nipike?"

"Gazeti alikosea."

Alikuwa amekuja na mzigo wa nyasi begani. Waisiko alimwambia waziwazi kwamba atakufa. Wakarudi zahanati kuamuliwa, na Zaitun, ambaye siku hiyo alikuwa na foleni ya wajawazito hadi mlangoni, alijitahidi kueleza haraka.

"Mzee, ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Ndani mna vijidudu vinavyochachusha nyasi mpaka ziwe chakula. Wewe una chumba kimoja. Ukila nyasi zitapita tu."

Wajawazito walicheka. Nyangwine hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo," alisema wakitoka, uso umeng'aa, "tatizo ni vyumba tu."

Jioni hiyo aliingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu walipojenga hilo jiko. Akachukua chungu kikubwa cha pombe ambacho sasa hakikuwa na kazi. "Hili ni tumbo la kwanza. Nyasi zitalala humu siku mbili na maji ya vuguvugu, zichachuke." Akaonyesha sufuria. "La pili, zichemke." Akaonyesha kinu. "La tatu, zitwangwe." Akajipiga tumboni. "La nne hili hapa. Mimi na Meja tuko sawa sasa."

Waisiko alikiangalia chungu, akamwangalia mume wake, mtu ambaye kwa wiki nzima hakula chochote cha kujengea mwili na sasa alikuwa tayari kula kwa moyo mmoja. Akawaza figo. Akawaza shemeji wa Kerende.

"Sawa, Baba Steven," alisema. "Ila mambo ya jikoni niachie mimi."

Tangu siku hiyo kulikuwa na utaratibu. Kila asubuhi Nyangwine alikata nyasi zilezile alizoziona mdomoni mwa Meja, akazileta kwa heshima. Waisiko alizitia kwenye tumbo la kwanza. Nyangwine akigeuza kisigino, alizitoa na kumpelekea ndama nyuma ya nyumba. Chunguni akaweka maharage na maji. Maharage yalilala usiku kucha, yakachemka kwenye tumbo la pili pamoja na majani ya kunde na mgagani, kisha yakatwangwa kwenye tumbo la tatu pamoja na karanga za kukaanga. Juu yake aliminya limau. Kilichotoka kilikuwa kijani, kizito, na hakikufanana na kitu chochote, na hilo ndilo alilotaka. Pembeni aliweka ugali wa mtama na muhogo, kibuyu cha mtindi, na mayai mawili aliyosema ni kwa ajili ya kulainisha nyasi koo lisichubuke.

Siku ya kwanza Nyangwine alionja akiwa amefumba macho. Akafumbua jicho moja.

"Mama Steven."

"Naam."

"Kumbe wanakula vizuri hivi na hawasemi!"

Alimaliza. Akaongezwa. Alisema nyasi za mtoni zina ladha ya karanga kwa mbali, na Waisiko akasema huenda ni udongo. Kwa kuwa aliandika pia jinsi Meja anavyotafuna, alitafuna kila tonge mara arobaini, na wakati huo hakuongeleshwa. Akishakula alilala kwa ubavu chini ya ukuta, macho nusu, taya likienda polepole, na inzi wakija aliwafukuza kwa kutikisa sikio, au alijaribu. Majirani walipita wakimwamkia shikamoo, naye akajibu kwa pumzi ya puani.

Wiki ya nne kidole kilirudi kuwa kidole. Wiki ya sita alibeba nguzo ya zizi peke yake na kuipitisha makusudi njia ndefu, mbele ya mashine ya kusaga ambako watu walikuwepo. Ndama wa nyuma ya nyumba naye alinenepa mpaka watu wakauliza anapewa nini, na Waisiko akajibu kwamba ni baraka tu.

Habari zikafika Nyamwaga, na Nchagwa akaja kuona kwa macho yake. Nchagwa alikuwa mdogo wa Nyangwine kwa miaka miwili, na kwa miaka hiyo yote ishirini na sita alishika kamba ya nyuma, upande wa mkia, akisubiri kaka achoke.

"Kaka, nasikia siku hizi unachungwa," alisema kabla hajakaa. "Wewe na Meja mnagawana malisho au kila mtu na upande wake?"

"Cheka, mura, mdogo wangu. Cheka. Shika mkono huu."

Nchagwa akaushika mkono. Akaubonyeza juu ya kiwiko, akaubonyeza tena, na kicheko kikaanza kupungua. "Umekula nini wewe?"

Nyangwine akafungua daftari. Alimweleza yote, tumbo kwa tumbo, siku mbili za kuchachusha, aina ya nyasi, hata upande wa mto. Waisiko alikuwa mlangoni na sahani ya ugali, akisikiliza. Nchagwa alinakili kwenye simu yake. Akitoka alipita jikoni.

"Shemeji, ni kweli haya?"

Waisiko alifungua mdomo. Nyangwine alikuwa hatua tano nyuma, ameegemea nguzo, amenenepa shavu, ana furaha. "Hayo ni mambo ya kaka yako, shemeji," alisema. "Mimi napika ninachoambiwa." Hakulala vizuri siku hiyo.

Siku ya sendofu Nyamwaga ilijaa. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki vya kukodi, na muziki uliokuwa unajaribiwa kwa sauti ileile tangu asubuhi. Nyuma ya nyumba ya Nchagwa wanaume walikuwa wamemzunguka Meja. Athuman, muuza nyama wa Tarime mjini aliyeitwa achinje ili kila mgeni ale bila wasiwasi, alisimama pembeni amefunga aproni, anapitisha kisu kwenye jiwe bila haraka. Zaitun alikuwepo pia, kwa mwaliko wa Nyangwine, aliyesema anataka nesi aone mambo ya vyumba vinne.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekosekana, naye ni mwenye sherehe.

"Baba yuko wapi?" Irine aliuliza, ameshikilia gauni lisiguse matope.

"Chooni," walimjibu. "Tangu alfajiri."

Waisiko akakumbuka yale Nchagwa aliyoyanakili kwenye simu.

Nyangwine hakungoja. Alivua shati, akamwendea Meja mbele. Wale wawili walitazamana kama watu waliokula pamoja muda mrefu. Meja alimnusa kifuani. Vijana wakakaza kamba ya mguu wa nyuma. Nyangwine akaweka mkono wa kulia kwenye pembe, wa kushoto chini ya taya, akapanua miguu, na shingo ikaanza kukunjika taratibu. Wanaume wakaanza kumwita kwa jina la baba yake.

Hapo mlango wa choo ukafunguka kidogo.

"Kaka!" Ilikuwa sauti ya Nchagwa, nyembamba kama ya mtu aliye ndani ya chupa. "Kaka, nyasi ni sumu! Nimekula siku tatu kama ulivyonielekeza! Matumbo yote! Naisha!"

"Mimi nimekula miezi miwili!" Nyangwine alipaza sauti bila kuachia pembe.

"Basi wewe ni ng'ombe, kaka! Mtu hawezi!" Mlango ukafungwa kwa haraka.

Watu wakalipuka kwa kicheko. Waisiko hakucheka, kwa sababu alikuwa anatazama mikono ya mume wake. Mikono ililegea. Alimjua mtu wake. Ndani ya kichwa chake Nyangwine alikuwa anajiuliza, kama nyasi haziwezi kumpa mtu nguvu, basi hizi nguvu zangu zimetoka wapi, na mtu akishajiuliza hivyo mbele ya dume hana muda mrefu. Meja akainua kichwa. Nyangwine akasogezwa hatua moja nyuma, mbili. Waisiko akaiona jioni ile yote mbele yake, maini kwenye sahani, kongoro kwenye bakuli, kisha kaburi kama lile la shemeji wa Kerende.

Akawapita wanaume, mpaka mahali ambapo mwanamke huwa hasimami.

"Baba Steven! Hujawahi kula nyasi!"

"Nini?"

"Hata moja! Nyasi zote amekula ndama! Wewe umekula maharage!"

"Maharage?"

"Maharage, kunde na karanga! Kila siku! Miezi miwili! Na mayai hayalainishi kitu!"

Nyangwine aligeuka. Aligeuka mwili mzima, kwa mshangao, kama mtu anavyogeuka akiitwa na marehemu, ili amwone vizuri huyu mwanamke aliyeishi naye miaka thelathini. Na kwa kuwa alisahau kuachia pembe na taya, kichwa cha Meja nacho kiligeuka pamoja naye, kikifuatiwa na shingo, bega na tumbo lenye vyumba vyake vyote vinne. Ardhi ikatikisika. Vumbi lilipotulia, Meja alikuwa amelala ubavu na Nyangwine alikuwa amekaa juu yake, bado anamtazama mkewe.

"Maharage," alisema kwa sauti ndogo.

"Maharage," Waisiko akakubali.

Zaitun akaanza kupiga makofi peke yake, kisha Irine, kisha wanaume wote. Athuman akaja na kisu chake, akasema kwa upole, "Mzee, naomba nafasi."

Nyangwine hakushuka.

"Huyu hapana," alisema.

"Mzee, watu mia tatu."

"Nimekaa naye malishoni miezi miwili. Ninajua saa anayolala. Hata kama sikula naye, mimi nilidhani ninakula naye. Mleteni yule mwekundu wa Nchagwa."

"Nimesikia hilo!" ilitoka sauti chooni.

"Basi toka uzuie!"

Walisubiri. Hakutoka mtu. Wakaenda zizini wakamleta yule mwekundu, na Nyangwine akajifuta mikono, akamshika pembe, na huyo wa pili alianguka haraka kuliko wa kwanza. Meja alisimama pembeni akitazama, anatafuna ua la plastiki la jukwaani.

Mchana, nyama zilipoiva, walimletea mshika pembe fungu lake, nundu nzima iliyochomwa, ikidondosha mafuta juu ya jani la mgomba. Wanaume wakageuka kumtazama. Waisiko alikuwa upande wa akina mama, lakini kutoka pale aliiona nundu vizuri kabisa. Nyangwine aliinama akainusa. Aliinusa muda mrefu kiasi kwamba Zaitun aliinuka nusu kwenye kiti. Kisha akalishika jani pande mbili, akatembea nalo mbele ya watu wote, akaliweka mapajani mwa mama mkwe wa Irine, bibi mmoja mkavu aliyetoka mbali na hakuwa amepewa kitu cha maana.

"Kula, mama. Mimi nina miadi na figo zangu."

Akaja upande wa akina mama, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akavuta kiti cha plastiki karibu na Waisiko. Aliketi. Waisiko alisubiri ugomvi. Alikuwa ameandaa majibu mengi.

"Umenidanganya miezi miwili," Nyangwine alisema mwishowe.

"Ningekudanganya hata miaka."

Akatikisa kichwa polepole, akimeza hilo. Akina mama walijifanya wanaongea mambo mengine. "Yale majani ya kijani," akasema, "umesema yanaitwaje?"

"Kunde."

"Yanatoka wapi?"

"Shambani kwetu, Baba Steven. Nyuma ya migomba."

"Kesho unipeleke nikayaone."

"Unayajua. Kila mwaka unapitisha ng'ombe juu yake."

Nyangwine aliinamisha kichwa, akafikiri sana. "Basi unipeleke asubuhi na mapema," alisema, "kabla sijatoa ng'ombe." Akanyoosha mkono, akachota kwa vidole maharage kwenye sahani ya mkewe, akaanza kutafuna mbele ya ukoo mzima, na Waisiko, akiwa hajui acheke au alie, akamsogezea limau.